Mtoto Mpole Asiyesumbua

 

Jioni ya leo naanzia chumbani kwa mzazi. Unajua ilivyo: mama ametoka hospitali siku ya tatu au ya nne, uji wa pilipili manga uko kwenye chupa, majirani wanaingia mmoja mmoja na kanga au sabuni mkononi. Kila anayeingia anainama juu ya mtoto, anafunua kitambaa kidogo, anatazama. Kisha inakuja ile sifa. "Jamani, mtoto mpole huyu! Hata kulia hasikiki." Mama anatabasamu, maana usiku alilala. Bibi naye anaongeza kwamba kamfuata babu yake, mtu wa taratibu.

Mara nyingi sifa hiyo haina neno. Wapo watoto wazima kabisa waliozaliwa wapole. Lakini nimekuja kuwaomba nyinyi mnaokwenda kuona wazazi, hasa mama zangu na bibi zangu ambao neno lenu chumbani humo husikilizwa kuliko la daktari: mtoto mpole mno mwangalieni mara ya pili. Mguseni ngozi, je, ni kavu na ya baridi hata akiwa amefunikwa vizuri? Yale manjano ya siku za mwanzo yamepita wiki mbili na bado yapo machoni? Akilia, sauti yake ni nzito kama ya mtu aliyekaukiwa koo? Ulimi unachungulia nje kama vile hauenei mdomoni? Choo anapata kwa shida? Ananyonya kidogo kisha analala, titi bado mdomoni, mpaka aamshwe ndipo anyonye tena? Jambo moja peke yake lisikutishe. Kitovu kilichotokeza, kwa mfano, ni cha kawaida sana kwa watoto wetu, na hurudi ndani chenyewe. Lakini mambo haya yakikutana kwa mtoto mmoja, usiseme atachangamka akikua. Mpelekeni akapimwe damu wiki hiyo hiyo.

Kinachotafutwa katika damu hiyo ni homoni. Neno lenyewe halina umri mkubwa, Mwingereza Ernest Starling alilitumia katika mihadhara yake London mwaka 1905, akilitoa kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya kuamsha au kusukuma. Mimi napenda kumfikiria tarishi wa ofisini. Tezi fulani mwilini inaandika barua, tarishi anaibeba ndani ya damu, anapita kila mlango, lakini anaisoma kwa sauti pale tu inapohusika. Mfupa unaambiwa urefuke. Ubongo unaambiwa uunganishe nyuzi zake. Barua isipoandikwa, mfupa haujui na ubongo haujui, navyo hukaa vikisubiri.

Mwaka 1912 mwanasayansi aitwaye Friedrich Gudernatsch alieleza jaribio ambalo hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kulielewa. Aliwalisha viluwiluwi vipande vya tezi ya shingo ya mnyama. Mkia ukanywea, miguu ikachomoza, wakawa vyura kabla ya wakati wao, vyura wadogo mno. Baadaye wengine wakafanya kinyume: walimwondolea kiluwiluwi tezi hiyo. Yeye aliendelea kula na kunenepa, akawa kiluwiluwi mkubwa, asiwe chura kamwe. Chakula alikuwa nacho, maji alikuwa nayo, kilichokosekana ni agizo la kubadilika.

Tezi ya shingo, au thairoidi kama madaktari wanavyoiita, sisi sote tunayo. Imekaa chini kidogo ya kikoromeo, umbo lake kama kipepeo aliyekunjua mabawa. Katika kila watoto 2,000 hadi 4,000 wanaozaliwa duniani, mmoja huzaliwa tezi hiyo haipo, au ni ndogo, au imekaa pasipo pake, au ipo lakini haiwezi kutengeneza homoni. Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Chukua karatasi upige hesabu, utapata mamia ya watoto, kila mwaka, katika nchi moja.

Na hapa ndipo panaponiuma. Wengi wao siku ya kuzaliwa hawaonyeshi dalili yoyote. Tumboni walikuwa wakipata sehemu ya homoni ya mama, kwa hiyo wanatoka wakiwa na sura njema na uzito mzuri, na mkunga hana sababu ya kushtuka. Akiba ile ya mama inakwisha polepole, wiki kwa wiki, na ubongo wa mtoto unajengwa katika wiki hizo hizo. Mfupa unaochelewa kuamrishwa unaweza kufidia baadaye. Ubongo haungoji. Mtoto akianza dawa ndani ya wiki mbili za kwanza, kwa kawaida anakua na akili zake timamu, anasoma, anaoa au kuolewa, huwezi kumtofautisha na wenzake. Akianza baada ya miezi mingi, mwili utarefuka lakini kuna vitu havitarudi. Dawa yenyewe ni kidonge kidogo cha levothairoksini, dawa ya bei nafuu, kinachosagwa na kuchanganywa na maziwa kidogo ya mama kwenye kijiko, mara moja kwa siku.

Ndiyo sababu nchi nyingine hazisubiri dalili. Jean Dussault, daktari wa Quebec nchini Kanada, alianzisha kipimo hicho kwa watoto wachanga mwaka 1974: tone la damu kutoka kisiginoni, siku chache baada ya kuzaliwa, linadondoshwa kwenye karatasi maalumu na kupelekwa maabara. Leo katika nchi nyingi tajiri kila mtoto anapimwa, awe amelia sana au hakulia. Wetu wengi bado wanazaliwa na kuondoka wodini bila tone hilo. Nasema waziwazi kwamba hili lingepaswa kuwa jambo la kudaiwa, kama tulivyodai chanjo mpaka zikafika vijijini.

Niwaambie kwa nini nalishika sana jambo hili. Mimi nimezaliwa nyanda za juu za kusini, upande wa Mbeya. Bibi yangu alikuwa na rovu. Nilipokuwa mdogo nililala nimeegemea shingo yake, na lile rovu lilikuwa laini na lenye joto chini ya shavu langu, na mimi nilidhani bibi wote duniani wako hivyo, kama walivyo na mvi. Akienda kanisani alilifunga kitambaa. Kumbe tezi yake ilikuwa imevimba kwa kujitahidi. Homoni ya tezi ya shingo hutengenezwa kwa madini joto, yaani iodini, na udongo wa milimani kwetu umeoshwa na mvua za karne nyingi hadi madini hayo yakabaki machache. Mahindi yanayoota humo hayana, maharage hayana, maziwa ya ng'ombe anayekula nyasi za humo yana machache. Tezi inapokosa malighafi inatanuka ili inase kila chembe inayopita.

Kwa bibi yangu ilikuwa ni uvimbe tu. Kwa mtoto aliye tumboni mwa mama mwenye upungufu mkubwa, ni jambo jingine. Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwako mtu tuliyemwita kaka, ingawa alikuwa rika la baba mdogo. Mimi nikiwa darasa la saba, alinifika begani. Uso wake ulikuwa umevimba kidogo, sauti nzito, maneno machache yaliyotoka taratibu. Alichunga mbuzi, na kila mbuzi alimjua kwa mlio wake, jioni akisimama mlangoni mwa zizi akiwagusa mmoja mmoja kichwani wakipita. Watu walisema mama yake alivunja mwiko alipokuwa mjamzito. Mama yule aliishi na lawama hiyo mpaka tukamzika. Hakuna mtu wa kumlaumu kwa kutojua. Lakini kila ninaposoma habari za madini joto naiona sura ya kaka yule, na naamini alichokosa ni kiasi ambacho kingeenea kwenye ncha ya sindano.

Mambo hayo yalijulikana kitaifa. Katika miaka ya 1980 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, na katikati ya miaka ya 1990 ikaagizwa kwamba chumvi ya mezani iwekewe madini hayo. Marovu makubwa kama la bibi yangu, kijana wa leo wa Mbeya huenda hajawahi kuyaona. Hata hivyo jambo halijaisha. Wapo wanaodhani hili ni tatizo la watu wa milimani, na kwamba mtu wa pwani anayekula samaki yuko salama. Utafiti uliofanywa Zanzibar mwaka 2001 ulikuta marovu kwa watoto wa shule, na Pemba hali ilikuwa mbaya kuliko Unguja, kisiwa kizima kikiwa kimezungukwa na bahari. Chumvi inayokaushwa juani kwenye mashamba ya chumvi haibaki na madini joto ya kutosha, lazima yaongezwe. Kwa hiyo, msikilizaji, ile chumvi ya mawe ya bei rahisi inayouzwa kwa kopo sokoni, uliza kama imewekewa madini. Na iliyowekewa usiianike juani wala usiiache wazi karibu na moto, maana madini hayo hupotea hewani. Ifunike, na uitie chakula kikikaribia kuiva.

Sasa nitoke shingoni nipande kichwani. Chini ya ubongo, nyuma ya pua, kuna tezi ya ukubwa wa punje ya njegere iitwayo pituitari. Hiyo ndiyo inayotoa homoni ya ukuaji, na inaitoa kwa mafungu, fungu kubwa likitoka saa za mwanzo za usingizi mzito. Wazee waliosema mtoto hukua akiwa amelala walisema kweli. Katika mwaka wa kwanza mtoto huongezeka kama sentimita 25, wa pili kama 12, kisha mwendo unapungua mpaka kufikia sentimita 5 au 6 kwa mwaka kwa mtoto wa shule ya msingi. Naomba namba hiyo moja uondoke nayo: mtoto aliyetimiza miaka 5 na ambaye hajaanza kubalehe, akiongeza chini ya sentimita 4 kwa mwaka mzima, mpeleke hospitali.

Yapo masimulizi mengi juu ya tezi hii inapozidisha. Robert Wadlow wa mji wa Alton, Illinois, aliyezaliwa mwaka 1918, alifika mita 2.72 kwa sababu pituitari yake haikukoma kutuma homoni, akafa mwaka 1940 akiwa na miaka 22 tu, kwa jeraha la mguu lililosababishwa na chuma cha kumsaidia kutembea, likaoza. Watu walimlipia kiingilio kumtazama. Sipendi kukaa sana kwenye habari zake, kwa kuwa alikuwa mgonjwa aliyehitaji tiba ambayo wakati ule haikuwapo.

Homoni hiyo inapopungua ndipo tunapowaona watoto wafupi wenye maumbo yaliyolingana vizuri, sura za kitoto, wenye akili zao kamili, wanaochekwa shuleni. Mwaka 1958 daktari Maurice Raben wa Boston alieleza jinsi alivyomtibu kijana wa miaka 17 kwa homoni iliyotolewa kwenye tezi za binadamu waliokufa, akarefuka. Kwa miaka zaidi ya ishirini na mitano ndivyo ilivyofanyika Marekani na Ulaya, tezi kutoka vyumba vya maiti zikikusanywa kwa maelfu ili watoto wapate sindano. Mwaka 1985 ikagundulika kwamba baadhi ya waliotibiwa hivyo wanakufa kwa ugonjwa unaoangamiza ubongo, uliokuwa umejificha ndani ya tezi za marehemu. Tiba ile ikasimamishwa, na mwaka huo huo Marekani ikaidhinisha homoni inayotengenezwa na bakteria maabara, isiyomgusa maiti yeyote. Ndiyo inayotumika leo. Ni sindano ya mara kwa mara kwa miaka kadhaa, na gharama yake inazishinda familia nyingi za kwetu. Faraja ni kwamba utambuzi unasogea karibu: tangu mwaka 2008 Nairobi kuna mafunzo maalumu kwa madaktari wa watoto wa Afrika juu ya magonjwa ya homoni, na waliohitimu wamerudi kufanya kazi katika nchi zao, Tanzania ikiwamo.

Lakini nikisema "mtoto mfupi" katika Tanzania, sifikirii kwanza pituitari. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wetu walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Huko hakuna tezi iliyoharibika. Miaka ya 1960 madaktari wa Cape Town walipima homoni ya ukuaji katika damu za watoto wenye kwashakoo, ambayo mtu angetegemea iwe imepungua, wakaikuta iko juu sana. Nilipolisoma jambo hilo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikakaa. Homoni ya ukuaji hairefushi mfupa peke yake. Sehemu kubwa ya kazi hupitia kwenye ini, ambalo likiipata barua hutuma tarishi wa pili kwenda mifupani. Kwa mtoto mwenye njaa, hasa njaa ya protini, ini linaisoma barua na kuiweka kando. Pituitari inaandika nyingine, na nyingine, damu inajaa maagizo, ini halitumi mtu. Mwili umeamua kwamba kilichopo kitumike kuishi leo, urefu utasubiri. Kwa mtoto huyo sindano haina nafasi, anahitaji yai, dagaa, maharage, karanga kwenye uji, na kuharisha kwake kukomeshwe.

Na kuna njaa nyingine. Mwaka 1948 mtafiti wa lishe Elsie Widdowson alikuwa Ujerumani baada ya vita, akifuatilia vituo viwili vya yatima, kila kimoja na watoto kama 50, mgao wao wa chakula ukiwa sawa. Miezi sita ya kwanza kituo kimoja kilikua vizuri na kingine kikasuasua. Kisha kile kilichokuwa kikiendelea vizuri kikaongezewa mkate, jamu na maji ya machungwa, na watoto wake, badala ya kunawiri, wakaongeza uzito pungufu kuliko awali. Kile kisichoongezewa kitu kikapanda. Sababu ilikuwa mlezi mkuu. Mwanamke mkali, aliyechagua saa ya chakula kuwa saa ya kuwakaripia watoto mbele ya wenzao mpaka wanalia na supu inapoa, alihamishwa kutoka kituo cha pili kwenda cha kwanza wiki zile zile za kuongeza chakula. Alihama na watoto wanane aliowapenda, na hao wanane ndio walionenepa. Mwaka 1967 madaktari wa Baltimore wakaeleza watoto 13 waliotoka nyumba zenye mateso, pituitari zao zikitoa homoni kidogo. Walipohamishiwa mahali pa utulivu, bila sindano, wakaanza kukua.

Kwa hiyo baba unayemgombeza mtoto mezani, na wewe mama wa kambo, nina ombi kwenu: acheni mtoto amalize kula. Mengine yazungumzwe kesho.

Nisiondoke bila kugusa krimu. Mwilini tunayo homoni iitwayo kotisoli, ya kutusaidia wakati wa shida, na ikizidi inazuia mifupa kurefuka. Dawa za steroidi ni ndugu zake. Zikiandikwa na daktari kwa pumu au figo, ni mwokozi, na naomba mtu asizikatishe ghafla, maana tezi za mwili zilizokuwa zimelala haziamki siku moja na mtoto anaweza kuzidiwa. Ninazozisema ni zile krimu za dukani za tyubu zenye steroidi, nyingine za kuchubua, anazopakwa mtoto mchanga kwa vipele vya joto au ili "awe na rangi". Ngozi ya mtoto ni nyembamba, dawa inaingia mpaka kwenye damu. Uso unakuwa mviringo kama mwezi, mashavu yanajaa, watu wanasifu afya. Mtoto aliyenenepa kwa chakula kwa kawaida huwa mrefu pia kwa umri wake. Ukiona mtoto ananenepa huku urefu umesimama, jua huenda kuna homoni inayohusika.

Kubalehe nitakutaja kwa ufupi. Binti anayeanza kuota matiti kabla ya miaka 8, au mvulana anayeanza mabadiliko kabla ya miaka 9, atakuwa mrefu darasani kwa muda, halafu mifupa itafunga mapema na wenzake watampita. Apelekwe hospitali, na asitazamwe kama aliyefanya kosa. Kinachofunga mifupa hiyo ni homoni ya estrojeni, hata kwa wanaume. Mwaka 1994 madaktari walieleza mwanamume wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuweza kuitambua estrojeni, alikuwa na sentimita 204 na bado anarefuka. Na kijana anayechelewa kuvunja sauti, ambaye baba yake pia alichelewa, mara nyingi anasubiri zamu yake tu.

Nimalizie na mlango wa jikoni kwa dada yangu. Kwenye mwimo wake kuna mikato ya kisu, kila sikukuu ya Krismasi watoto husimama hapo bila viatu, visigino vimegusa mti. Kliniki nyingi humpima mtoto uzito, na akishatimiza miaka 5 hapimwi tena kitu. Ni mwimo ule uliotuambia. Mkato wa binti yake wa miaka 7 na ule wa miaka 8 ulikuwa umeachana kwa upana wa kidole kimoja. Shuleni alikuwa akisifiwa, mtoto mtulivu, hakimbii ovyo, hagombani na mtu. Zahanati ya kwanza ilimpa dawa ya minyoo na sharubati ya kuongeza hamu ya kula. Hospitali ya pili wakampima damu, wakakuta tezi yake ya shingo imechoka, jambo linaloweza kumpata mtoto aliyezaliwa mzima kabisa. Akaanza kidonge kimoja kila asubuhi, kabla ya chai.

Krismasi iliyofuata tulipima mara mbili kwa kutoamini: sentimita 10. Dada yangu alikuwa amesimama na kile kisu mkononi, machozi yanamtoka, huku akilalamika kwamba siku hizi mtoto huyu hakai, anapanda mapera ya watu, ana kelele, majirani wanamshtaki. Binti mwenyewe alikuwa ameshatoka mbio uani.